Kufundisha aljebra kwa kikokotoo cha grafu kwenye shule zetu za Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili

Kipindi ni dakika 40. Toa dakika za kuingia, kusalimiana na kufuta ubao, kisha chora parabola moja ya uhakika, yaani mkunjo wa mlinganyo kama y = x² − 4x + 3, kwa chaki na rula ndefu ya mbao: jedwali la thamani, mihimili, skeli, nukta saba au tisa, halafu mkunjo usio na kona. Ukimaliza, kengele inakaribia kugongwa, na wanafunzi wameona grafu moja. Grafu moja haimfundishi mtu aljebra. Mwanafunzi huelewa kazi ya ile −4 iliyo mbele ya x pale anapoiona ikigeuka −3, ikawa −2, ikawa 0, ikawa 5, na kila mara mkunjo unahama. Kwa chaki hiyo ni kazi ya wiki. Kwa kikokotoo cha grafu, yaani mashine au programu inayochora grafu ukiiandikia mlinganyo, ni ya dakika chache.

Ninamwandikia mwalimu wa hisabati wa shule ya kata, awe Mbalizi, Tukuyu, Ismani au Makambako, mwenye darasa kubwa, umeme wa kubahatisha, na pengine simu janja moja tu ambayo ni yake mwenyewe. Msimamo wangu nauweka mapema ili usije ukaniuliza mbele ya safari: kifaa kije baada ya utabiri. Mwanafunzi aseme kwanza grafu itakaaje, aandike kwenye daftari kwa kalamu ya wino, ndipo skrini iwashwe. Ukianza na skrini umewawekea sinema. Watashangaa, watapiga makofi, na Ijumaa kwenye jaribio hawatakumbuka kitu.

Hatua ya kwanza: pata kifaa bila kutumia fedha nyingi

Kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani kilikuwa Casio fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments wakafuata na TI-81 mwaka 1990, na baadaye TI-83 na TI-84 Plus ambazo ndizo zilizojaa kwenye madarasa ya Marekani. Ni vifaa imara, lakini kimoja kinaweza kuzidi dola 100, na kwa fedha hiyo shule inanunua karatasi za grafu za miaka kadhaa. Ukiletewa na mfadhili, pokea. Usiviweke kwenye bajeti ya shule.

Badala yake kuna programu za bure. GeoGebra ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Desmos ilitoka mwaka 2011. Zote mbili zinafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android, na ukishazipakua hazidai intaneti kuchora grafu. Pakua nyumbani usiku kwa bando, fika shuleni umezima data. Ukiwa na kompyuta ya zamani ya ofisi ya taaluma, GeoGebra Classic 5 inatosha, nayo haihitaji mtandao baada ya kuisakinisha.

Nichague ipi? Mimi naegemea GeoGebra kwa sababu inaunganisha aljebra na jometri, na mwalimu atakayefika mada ya duara au mageuzi ataikuta iko tayari. Desmos ni nyepesi zaidi kwa mtu anayeanza. Chagua moja uizoee. Kukaa unarukaruka kati ya mbili mbele ya darasa ni aibu ya bure.

Kuna kifaa cha tatu ambacho walimu wengi wanakisahau ingawa kimo mkobani mwao. Vikokotoo vya Casio vya ES PLUS havichori grafu, ila vinatengeneza jedwali la thamani. Kwenye fx-991ES PLUS bonyeza MODE kisha 7. Kwenye f(X)= andika mlinganyo wako; herufi X inapatikana kwa ALPHA na kitufe cha kufunga mabano. Bonyeza =, weka mwanzo, weka mwisho, weka hatua, na jedwali linatokea. Lisizidi mistari 30, la sivyo kitakukatalia. Ile fx-991MS iliyozoeleka haina huduma hii, kwa hiyo angalia jina kabla hujapanga somo.

Hatua ya pili: andaa chumba

Sheria ya shule zetu ni kwamba mwanafunzi haji na simu, na sioni sababu ya kuipinga kwa ajili ya somo hili. Kifaa kimoja cha mwalimu kinatosha, mradi darasa zima linaona.

Ukiwa na projekta, elekeza kwenye ukuta usiotazamana na madirisha, na uombe vitenge viwili vya kuziba mwanga. Mwezi Juni na Julai Mbeya madirisha yanafungwa yenyewe kwa baridi, lakini mwanga bado unaingia. Televisheni yenye tundu la HDMI inaonekana vizuri kuliko projekta hafifu, hasa mchana. Weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla ya kuunganisha. Ujumbe wa muamala ukijitokeza ukutani wenye kiasi cha salio lako, kipindi kimekwisha.

Kama hakuna projekta wala televisheni, fanya hivi. Chora grafu zako jioni kwenye simu, piga picha za skrini, peleka stesheneri wakuchapishie mbili kwa kila karatasi ya A4. Kundi la wanafunzi sita linapata seti moja. Au zihamishe kwa mkono kwenye karatasi za manila. Utapoteza ule mwendo wa mkunjo unaohama, lakini utabaki na kulinganisha, ambako ndiko kwenye faida kubwa.

Kitu kimoja usikikose hata ukiwa na projekta nzuri kuliko zote: ubao wa miraba. Tafuta kipande cha plaiwudi (Mafinga na Njombe hazikosi mabaki ya mbao, na fundi wa jirani atakukatia), kipake rangi nyeusi, kisha chora miraba ya sentimita 5 kwa rangi nyeupe. Kinatundikwa kando ya ubao mkubwa. Humo ndimo mwanafunzi atakuja kuweka utabiri wake kwa chaki kabla skrini haijasema neno. Umeme ukikatika katikati ya somo, ubao wa miraba unaendelea.

Hatua ya tatu: mstari ulionyooka

Anza na nauli. Mwambie mwanafunzi: dereva wa bodaboda anakutoza shilingi 1,000 kwa kupanda tu, halafu 500 kwa kila kilomita. Namba hizi ni za kufundishia, na darasa la Mwanjelwa litakubishia papo hapo kuwa siyo bei. Waache wabishe, wanapobisha wanahesabu. Mlinganyo ni y = 500x + 1000.

Sasa uandike kwenye kifaa bila kugusa chochote kingine. Mara nyingi skrini huanza na mihimili inayokwenda kati ya −10 na 10 hivi. Kitakachoonekana ni mstari unaokaribia kusimama wima, ukipita karibu na −2. Darasa litacheka. Usirekebishe. Uliza: kwa nini umesimama pale, na kwa nini −2?

Hapo ndipo pa kukaa. Kama y inaruhusiwa kuonekana kati ya −10 na 10 pekee, basi 500x + 1000 iko karibu na sifuri, maana yake x iko karibu sana na −2. Tunaona kipande kidogo mno cha mstari, kile kinachopanda shilingi 20 tu. Mwanafunzi akielewa hilo ameelewa mambo mawili kwa mpigo: jawabu la 500x + 1000 = 0, na kwamba skrini ni dirisha. Nje ya dirisha grafu inaendelea.

Kisha badilisha dirisha: x kutoka 0 hadi 10, y kutoka 0 hadi 7,000. Kwenye GeoGebra unaweza kuburuta mhimili mmoja peke yake, au kuingia kwenye mipangilio ukaandika thamani. Mstari unalala vizuri, unakata mhimili wa y kwenye 1,000. Uliza mteremko umebadilika? Nusu ya darasa watasema ndiyo kwa sababu macho yao yameona ukilala. Warudishe kwenye hesabu: songa kilomita moja, nauli inapanda 500, kama mwanzo. Mwonekano umebadilika kwa sababu ya skeli. Hili linawasumbua hata wa Kidato cha Nne, na kwa chaki ni vigumu kulionyesha kwa sababu ubaoni huwa tunachagua skeli moja nzuri na kuiacha hapo.

Alama ya mteremko ifundishie kwenye barabara. Anayetoka Ruaha Mbuyuni kuja Iringa anaupanda Mlima Kitonga. Weka umbali kwenye x na kimo kwenye y, mteremko ni chanya. Lori linalorudi kuelekea Morogoro linashuka pale pale, umbali unahesabiwa kutoka upande wa pili, mteremko ni hasi. Wanafunzi wa Iringa hawahitaji picha ya kitabu kwa hili.

Baada ya hapo leta vitelezi, yaani vile vidude vya kwenye skrini unavyoburuta ili kubadili thamani ya herufi. Andika y = m*x + c. Weka alama ya kuzidisha ili programu isidhani "mx" ni jina moja. GeoGebra ya simu itatengeneza vitelezi vya m na c yenyewe. Desmos na GeoGebra Classic 5 zitakuuliza kwanza. Mpangilio wa kufundisha uwe huu: tangaza badiliko, wanafunzi wachore utabiri wao kwenye daftari, mmoja aje kwenye ubao wa miraba, ndipo usogeze kitelezi. Sogeza c peke yake, m ikiwa imetulia. Kisha m peke yake. Kamwe usisogeze vyote viwili kwa pamoja siku ya kwanza, hata wakikuomba.

Hatua ya nne: milinganyo miwili kwa pamoja

Wanafunzi wengi wanajua kuondoa x na kupata y bila kujua walichokipata ni nini. Grafu inaliponya hilo haraka.

Mkulima wa Uyole anataka kusafirisha magunia ya viazi. Mwenye gari wa kwanza anadai 60,000 ya gari na 3,000 kwa gunia. Wa pili anadai 20,000 ya gari na 5,000 kwa gunia. (Tukubaliane gunia ni gunia, lumbesa tutaihesabu siku nyingine.) Andika y = 3000x + 60000 na y = 5000x + 20000. Dirisha: x kutoka 0 hadi 40, y kutoka 0 hadi 250,000.

Kabla ya kuwasha, uliza: nani wa bei rahisi? Utapata makundi mawili, na yote yana haki kwa namna yake. Washa. Mistari inakutana kwenye (20, 120000). Chini ya magunia 20 wa pili ni nafuu, juu ya 20 wa kwanza. Sasa waambie wapate nukta ile ile kwa mkono: 3000x + 60000 = 5000x + 20000, hivyo 40000 = 2000x. Jawabu la aljebra na makutano ya mistari ni kitu kimoja, na wameliona kwa viazi.

Usiishie kwenye mistari inayokutana vizuri. Wape 2x + 3y = 6 na 4x + 6y = 18. Waanze kwa njia ya kuondoa: zidisha wa kwanza kwa 2, toa, unapata 0 = 6. Wengi watafuta wakidhani wamekosea hesabu. Wengine watakuita, "Mwalimu, imegoma." Waache hivyo hivyo, washa skrini: mistari miwili inakwenda sambamba, haikutani popote. Badilisha 18 iwe 12. Sasa kwa mkono wanapata 0 = 0, na kwenye skrini wanaona mstari mmoja tu, kwa sababu wa pili umelala juu ya wa kwanza. Ule upuuzi wa 0 = 6 unageuka kuwa taarifa yenye maana.

Halafu waonyeshe mahali kifaa kinapodanganya kwa upole. Chora y = 2x − 1 na y = −x + 3. GeoGebra kwa kawaida itakuandikia makutano (1.33, 1.67). Waambie wahakiki kwenye mlinganyo wa kwanza: 2 × 1.33 − 1 ni 1.66, siyo 1.67. Darasa litanyamaza. Jawabu la kweli ni 4/3 na 5/3, na kwa mkono unalipata kamili, 3x = 4. Mfano huu mmoja unajibu lile swali la kila mwaka, kwamba kwa nini tuhangaike na njia ya kuondoa wakati mashine ipo.

Hatua ya tano: mlinganyo wa kipeo cha pili

Hapa kikokotoo cha grafu kinalipa gharama zake zote. Tenga vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, kwa kitu kimoja: y = ax² + bx + c na vitelezi vitatu.

Anza na a. Weka b na c sifuri. Utabiri wa a = 1, a = 3, a = 0.2, a = −1. Hii ni rahisi, ipite haraka. Fika a = 0 na usimame: parabola imekuwa mstari uliolala juu ya mhimili wa x. Uliza kwa nini kitabu kinasisitiza a isiwe sifuri.

Kisha c. Mkunjo unapanda na kushuka bila kubadili umbo. Tumia y = x² − 4x + c na uanzie c = 0. Waambie wahesabu mara ngapi mkunjo unakata mhimili wa x unapoipandisha c polepole. Kwenye c = 3 unakata kwenye 1 na 3. Kwenye c = 4 unagusa mara moja tu, kwenye 2. Kwenye c = 5 umeondoka kabisa. Sasa, bila kuwaambia jina lolote, waambie wakokotoe b² − 4ac kwa kila c: 4, 0, −4. Hawatahitaji kukariri tena sheria ya majawabu mawili, moja, au hakuna. Na mwanafunzi anayeandika "math error" kwenye karatasi yake kwa sababu kikokotoo cha kawaida kimemwambia hivyo, sasa anajua kosa halipo: parabola haijafika chini.

b ndiyo yenye siri. Walimu wengi tunairuka kwa sababu haielezeki kwa sentensi moja kama a na c. Weka y = x² + bx + 1. Mwite mwanafunzi kwenye ubao wa miraba na chaki ya rangi. Weka b = −4; aweke nukta pale mkunjo unapogeukia: (2, −3). b = −2: (1, 0). b = 0: (0, 1). b = 2: (−1, 0). b = 4: (−2, −3). Waulize nukta hizo zinachora nini. Watu watainua mikono kabla hujamaliza: nazo ni parabola, iliyopinduka. Wa Kidato cha Pili waache waone tu, ni uzuri wa kutosha. Wa Kidato cha Tatu wadai uthibitisho. Nukta ya kugeukia ina x = −b/2, na y = 1 − b²/4; kwa kuwa b²/4 ni x², basi y = 1 − x². Kwenye GeoGebra unaweza kuweka nukta (−b/2, 1 − b²/4) na kuiamuru iache alama inapopita, ila chaki kwenye plaiwudi inakaa kichwani zaidi.

Sasa mtego. Waulize majawabu ya x² − 20x + 75 = 0 kwa kutazama skrini, dirisha likiwa −10 hadi 10. Wataona kitu kinachoteremka kutoka juu, kinakata mhimili kwenye 5, kinazama. Watasema jawabu ni moja, 5. Wengine watadai si parabola. Waambie watafute vigawo: (x − 5)(x − 15). Liko wapi jawabu la 15? Nje ya dirisha. Nukta ya kugeukia iko (10, −25), chini mno. Panua dirisha, x hadi 20 na y kutoka −30 hadi 80, parabola nzima inajitokeza. Baada ya somo hili hakuna mwanafunzi atakayeiamini skrini kabla ya kuuliza dirisha ni lipi, na hiyo tabia ni ya thamani kuliko parabola yenyewe.

Kwa matumizi, wape bustani ya mboga ya shule. Waya wa mita 40, upande mmoja ni ukuta wa bweni, hauhitaji waya. Upana ukiwa x, eneo ni y = x(40 − 2x). Wakisie kwanza upana upi unatoa eneo kubwa; wengi husema bustani iwe mraba. Grafu inafikia juu kabisa kwenye x = 10, eneo mita za mraba 200, na bustani hiyo ni ya mita 10 kwa 20. Si mraba.

Kwa wanafunzi wenye Casio ya ES PLUS, wape mlinganyo y = x² − 4x + 3, mwanzo −2, mwisho 6, hatua 1. Jedwali linatoka 15, 8, 3, 0, −1, 0, 3, 8, 15. Wasome ulinganifu kwenye jedwali kabla ya kuchora: namba zinajirudia kutoka −1, kwa hiyo mhimili wa ulinganifu ni x = 2. Ndipo wachukue karatasi ya grafu.

Hatua ya sita: kutafuta faida kubwa chini ya masharti

Mada hii ya Kidato cha Nne inawachosha wanafunzi kwa sababu ya kuchora mistari mingi, na wanapofika kwenye uamuzi wenyewe wameshaishiwa nguvu. Kifaa kinaondoa uchovu huo.

Mkulima wa Njombe ana ekari 10 na mtaji wa 2,800,000. Ekari ya viazi inahitaji 400,000, ya mahindi 200,000. Faida kwa ekari tuseme 600,000 kwa viazi na 400,000 kwa mahindi. Viazi ni x, mahindi ni y. Masharti: x + y ≤ 10, na ukigawanya kwa 200,000, 2x + y ≤ 14, pamoja na x ≥ 0 na y ≥ 0.

Angalia kitu kimoja kabla ya kuandika. Programu hutia kivuli upande unaotakiwa. Wengine wetu ubaoni tunatia kivuli upande usiotakiwa ili eneo la jawabu libaki safi. Ukitaka skrini ifanane na ubao wako, geuza alama unapoandika: x + y > 10, 2x + y > 14, x < 0, y < 0. Eneo jeupe linalobaki ndilo lako. Ukiacha bila kueleza utawachanganya wanafunzi hadi mwisho wa muhula.

Pembe za eneo ni (0, 0), (7, 0), (4, 6) na (0, 10). Faida: 0, 4,200,000, 4,800,000 na 4,000,000. Lakini kwa nini jawabu huwa pembeni? Hapo ongeza mstari 3x + 2y = k wenye kitelezi cha k (ni faida iliyogawanywa kwa 200,000). Pandisha k kutoka 0. Mstari unasogea sambamba na wenyewe, unapita ndani ya eneo, unafika mahali unakaribia kuliacha. Nukta ya mwisho kuguswa ni (4, 6), k ikiwa 24. Mwanafunzi aliyeona mstari ule ukitoka hatauliza tena kwa nini tunajaribu pembe peke yake.

Makosa ya kuandika yatakayokula muda wako

Mabano. Anayeandika x + 1/x − 2 akikusudia (x + 1)/(x − 2) atapata grafu nyingine kabisa. Fundisha mabano kama sehemu ya aljebra.

Alama ya hasi. Kwenye TI kitufe cha namba hasi si kile cha kutoa, ukivichanganya unapata kosa. Na −3² kwenye vifaa hivi ni −9. Ukitaka 9 andika (−3)².

Umbo lililopindishwa. Duara kwenye skrini pana ya TI, dirisha likiwa −10 hadi 10 pande zote, linaonekana kama yai. Chagua ZSquare kwenye menyu ya ZOOM kurekebisha. Kwenye simu, hakikisha mihimili yote ina skeli moja kabla ya kuzungumzia nyuzi 45 za y = x.

Mitihani

Kikokotoo cha grafu hakiingii chumba cha mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Hisabati ya Kidato cha Sita inaruhusu vikokotoo visivyoweza kupangiwa programu, na cha grafu kinaweza. Simu ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila mada uliyoifundisha kwa skrini lazima imalizike kwenye karatasi ya grafu, kwa penseli na rula, skeli ikiwa imechaguliwa na mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi aliyezoea dirisha huchagua skeli vizuri zaidi, maana amekwisha ona nini hutokea ikichaguliwa vibaya.

Jaribio la wiki litungie maswali ambayo mashine haimjibii mtu moja kwa moja. Kwa mfano: grafu ya y = x² + bx + 9 inagusa mhimili wa x mara moja tu, taja thamani zote za b. Au: mistari miwili inakutana kwenye (2, 5), mmoja unapita kwenye asili, mwingine unakata mhimili wa y kwenye 1, andika milinganyo yake. Au mchoree parabola iliyokatwa na dirisha baya, umwambie aandike dirisha ambalo lingeonyesha yote. Hilo la mwisho linasahihishwa haraka, na linakuonyesha mara moja nani alikuwa anafuatilia na nani alikuwa anatazama picha.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa acha skrini kabisa. Ubao wa miraba ubaki ukutani.